Barua za Baba Ni Zako

Dodoma,
14 Januari 2024

Shangazi Modesta,

Shikamoo. Habari za Lupepo na baridi yenu? Huku Dodoma jua linatuchoma mpaka mtu unatamani ukungu wa nyumbani. Mimi na Lilian hatujambo. Tumehamia nyumba nyingine, vyumba viwili na sebule, maji yanatoka siku tatu kwa wiki, tunashukuru. Lilian anakusalimu na anaulizia yale maparachichi uliyomwahidi tulipokuja kwenye harusi ya Jairo.

Najua umeshika bahasha hii unajiuliza, huyu mtoto simu imemharibikia? Haijaharibika. Nimeamua kuandika kwa ajili ya Tulia. Mwanangu sasa yuko darasa la pili, na mimi kwenye simu nimechoka kusikia "ndiyo baba, hapana baba". Basi kila mwezi au miwili nitaandika, na wewe umpe yeye akusomee. Mwambie barua za baba ni zake, azitunze.

Sasa habari yenyewe. Tangu Novemba nimeajiriwa na mradi wa wafadhili wa nje unaoitwa Kusoma Kwanza. Kazi yake ni moja tu: mtoto wa darasa la kwanza na la pili ajue kusoma. Orodha ya shule za Rungwe ilipopita mezani kwangu nikaiona ya kwetu, ileile uliyonipeleka nikiwa na kaptula ya kaka, nikakaribia kupiga kigelegele ofisini. Tena nasikia kamati ya shule imekuchagua wewe kuwa msaidizi wa jamii. Wamechagua vizuri. Nani aliyenifundisha mimi herufi kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni?

Na hili umwambie Tulia: mimi na Lilian tumekubaliana. Akijua kusoma sawasawa, Januari ijayo namfuata aje aishi na sisi. Shule za huku mtoto anapewa karatasi asome kwanza, asiposoma hawampokei. Kwa hiyo asome.

Mwanao,
Rodrick


Lupepo,
11 Februari 2024

Mwanangu Rodrick,

Ugonile? Marahaba, shikamoo yako imefika, ila imefika imechoka. Zuber wa dukani pale mtaa wetu wa Bagamoyo, ambaye sanduku lake la posta ndilo la ukoo wetu wote, alikwenda msibani Kyela na ufunguo mfukoni. Mkewe Shamsia akaniambia, "Bi Modesta, barua yako naiona kwa tundu lakini siwezi kuitoa." Nikamwambia iambie isubiri, mimi nimesubiri watu wakubwa zaidi.

Huku mvua haikati. Ng'ombe amezaa, dume, bahati yangu hiyo. Mjomba wako Ambindwile mguu bado unamsumbua lakini mdomo hauna shida yoyote. Mama yake Tulia alipita wiki ya mwaka mpya kutoka Tunduma na mume wake, wakakaa saa moja, wakaondoka. Sisemi kitu.

Kazi ya mradi wako, mbombo ngafu, ngumu kweli! Darasa la pili wana watoto sitini na nane. Mwalimu wao ni Aika, binti wa Kimachame aliyeletwa kwetu mwaka juzi, mwembamba, ana sauti ya kanisani. Anafundisha vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini akisema "fungua dirisha", nusu ya watoto wanamtazama mdomo. Majumbani kwao hapa juu ni Kinyakyusa asubuhi mpaka jioni, hilo dirisha watalijulia wapi? Basi ndio kazi yangu. Tunaanza saa moja kasoro kabla ya kengele, kwenye baraza ya kanisa. Yeye anasoma neno, mimi nawaambia maana yake kwa lugha yao, wanacheka, neno linaingia. Neno likishaingia ndipo herufi zinakubali kukaa. Usidhani ni mambo ya kitaalamu.

Na vitabu! Kila mtoto chake, herufi kubwa kama vikombe. Nimezeeka lakini sijawahi kuona shule yetu kila mtoto ana kitabu chake. Waambie hao wafadhili, popote walipo, asante sana, ndaga fijo.

Tulia hajambo. Amerefuka, magauni yote ya mwaka jana yamekuwa blauzi. Barua yako nimempa, ameishika vizuri sana. Ameiweka kwenye kikapu chake kile cha ukindu na analala nacho.

Shangazi yako,
Modesta


Dodoma,
20 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole na mvua. Nimeona kwenye habari udongo umeporomoka barabarani huko, nikapiga simu ikaita bila kupokelewa, nikajua umeiacha tena kwenye pipa la unga. Lilian ana mimba ya miezi mitatu. Usitangaze kanisani, bado.

Naandika kwa haraka. Tarehe 22 Mei wageni wa tathmini wanakuja shuleni kwenu. Yumo na mama mmoja kutoka kwa wafadhili wenyewe. Watawasomesha watoto mmoja mmoja na kuhesabu maneno. Huku ofisini wanasema shule zikifanya vizuri wafadhili wataongeza miaka mitatu. Zikifanya vibaya, hakuna anayesema, lakini kila mtu anatafuta kazi nyingine kimyakimya.

Shangazi, nakuomba kama mwanao. Wageni waone mema. Wewe ndiye uliyenifundisha mgeni anavyopokewa.

Kuhusu Tulia hujanijibu. Nimeuliza kama anasoma, umenijibu urefu wa magauni. Aniandikie japo ukurasa mmoja.

Rodrick


Lupepo,
2 Juni 2024

Mwanangu,

Salama kabisa, na hongera ya Lilian, sijamwambia mtu isipokuwa Ambindwile, kwa hiyo sasa wanajua wote.

Wageni wako walikuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Walikuwa wanne: mama wa Kizungu mwenye mvi, anasema Kiswahili safi cha kitabuni, vijana wawili kutoka Dar, na dereva aliyekula kuliko wote. Tuliwapikia mbalaga na nyama, maziwa ya mgando, maparachichi ya shambani kwangu. Yule mama alikula ndizi mpaka akafungua kifungo cha koti, nikampenda.

Sasa nikueleze nilivyofanya ili ujue Shangazi yako hajachuja. Wewe unajua, siku ya mgeni Mnyakyusa anafagia mpaka chini ya migomba. Uchafu unausogeza nyuma ya nyumba, mkeka uliochanika unaukunja, unatandika ule mzima. Wala huo si uongo, ni heshima. Basi katika wale sitini na nane, kumi na mmoja walikuwa hawajafunguka. Wanajua herufi leo, kesho zimewatoka. Nikakaa na Mwalimu Mkuu Benson, naye jasho linamtoka tangu Jumatatu, nikamwambia, hawa niachie mimi. Asubuhi ile niliwachukua wote kumi na mmoja nyumbani kwangu, nikawachomea mahindi, nikawapa maziwa, wakashinda wanacheza kwenye migomba. Mwalimu Benson akawaandika kwenye daftari la mahudhurio kwamba wana mafua.

Mwalimu Aika alinijia juu. "Bibi, hao ndio hasa wa kupimwa! Mgonjwa anafichwaje siku daktari anapokuja?" Nikamwuliza, kwenu Machame mgeni akija mnamwanzishia zizini? Mpaka leo akinisalimu anatazama viatu vyangu.

Hao hamsini na saba walisoma, mwanangu, walisoma! Yule mama wa Kizungu alitoa kitambaa akafuta macho. Ulisema waone mema, wameona.

Naambatanisha ukurasa wa Tulia kama ulivyotaka.

Modesta


Dodoma,
30 Julai 2024

(karatasi ya kwanza)

Tulia mwanangu,

Hujambo? Baba hajambo. Nimepata ukurasa wako. Una mwandiko mzuri. Umeandika "Baba shikamoo, ninasoma kila siku, ninakupenda." Nimeubandika ukutani. Mama Lilian ameuona. Utapata mdogo wako mwezi wa kumi. Januari nakuja kukuchukua. Soma barua hii mara mbili.

Baba

(karatasi ya pili)

Shangazi, hii ni yako peke yako, Tulia asiisome.

Shikamoo. Asante kwa mapokezi. Shule yenu imekuwa ya kwanza katika shule zote za mradi Nyanda za Juu Kusini. Mkurugenzi ameitaja kwenye kikao, akasema "huko ndiko anakotoka Rodrick", watu wakapiga makofi. Nimepandishwa. Sasa mimi ndiye ninayeandika taarifa zinazokwenda kwa wafadhili, na ya kwanza niliyoandika ilikuwa ya Lupepo. Kuna picha yako umeshika kitabu, umetoka vizuri, kilemba kimekaa.

Hayo mengine uliyoandika, ya nyumbani kwako na mahindi, usiyaandike tena. Bahasha zinapita mikononi mwa watu. Mimi nimeshayasahau.

Rodrick


Lupepo,
8 Septemba 2024

Rodrick,

Salamu tutapeana siku nyingine. Ng'ombe ni mzima, mguu wa Ambindwile ni uleule.

Jumanne Mwalimu Benson alituita kamati nzima, akatusomea barua kutoka Dodoma. "Tunawapongeza. Shule yenu imefikia lengo la mradi. Kuanzia mwezi ujao msaada unahamishiwa kwenye shule zenye uhitaji zaidi." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mimi, mpaka aliposoma kwamba wasaidizi wa jamii hawatakuwepo tena, uji wa asubuhi hautakuwepo, na vitabu vya darasa la kwanza wanaokuja Januari havitaletwa. Tukawa tunatazamana. Mzee Abrahamu akauliza, "Kwa hiyo tungefeli wangebaki?"

Kisha Mwalimu akageuza karatasi nione saini. Chini pale pameandikwa jina lako.

Ulijua, Rodrick? Kwenye barua ya Julai, wakati unanisifia kilemba, ulikuwa unajua?

Sasa na mimi niseme langu, maana limenikaba tangu Februari. Tulia hajui kusoma. Ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Ule ukurasa uliobandika ukutani niliuandika mimi kwa mkono wa kushoto. Barua zako zote nilikuwa namsomea mimi, yeye anakaa pembeni anafuatisha midomo yangu, nikimaliza kila moja anaikunja na kuiweka kikapuni. Nilikuwa najiambia mwezi huu atafunguka, mwezi ujao atafunguka. Na nikuambie ukweli wote, kuna siku niliomba asifunguke upesi, kwa sababu akisoma unamchukua. Mungu anisamehe.

Unajua alichoniuliza ile siku ya wageni? Wanakula mahindi kwenye migomba, wameshiba, wenzao wako darasani wanapimwa. Akaja akanishika khanga, akasema, "Bibi, sisi ndio tumeshinda?" Nikamwambia ndiyo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilidhani nafagia uwanja, kumbe nafagia watoto. Sasa wewe ndiye unayeandika kwa wafadhili. Waandikie. Waambie kuna bibi kizee mmoja Lupepo aliwaficha kumi na mmoja, warudi wapime wote. Watanifunga? Wanifunge. Lakini watoto hawa wakivuka kwenda darasa la tatu hivihivi, ndio basi tena, hakuna atakayerudi nyuma kuwaokota. Na Tulia ni mmoja wao.

Nasubiri jibu lako, na jibu lenyewe liwe refu.

Modesta


Dodoma,
17 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Lilian alijifungua tarehe 19 Oktoba, mtoto wa kiume, kwa upasuaji, tulikaa hospitali siku tisa. Tumemwita Alfred. Anafanana na marehemu baba, hata kununa.

Kwa kuwa Tulia hajui kusoma, leo sina haja ya karatasi mbili. Naandika wazi.

Barua yako nimeisoma chooni ofisini, nikalia hukohuko. Nikaenda kuutoa ule ukurasa ukutani kabla Lilian hajaniuliza. Sijui nilikuwa namlilia Tulia au najililia mwenyewe. Mtu anayeandikia wafadhili kwamba watoto wanasoma, wa kwake hasomi.

Uliuliza kama nilijua. Nilijua. Mwezi wa saba ilishaamuliwa. Shule zilizofanya vizuri zinaachwa, ndivyo hesabu za wafadhili zilivyo, fedha zao zimepungua na wanatafuta pa kupunguza. Nilidhani wataongeza, wakafanya kinyume. Sikuwa na ubavu wa kukuandikia.

Siwezi kufanya unachoniambia, Shangazi. Fikiria. Nikiandika kwamba mliwaficha, Mwalimu Benson anavuliwa ukuu. Wewe unatajwa. Mimi mkataba wangu unaisha Machi, na taarifa yangu ya kwanza inakuwa ya uongo. Nina mtoto wa wiki nne.

Na kuna jambo jingine. Tarehe 12 Februari wafadhili wanatuma watu kuhakiki shule chache zilizoongoza. Ya kwenu imo. Watawatafuta watoto walewale waliokuwa darasa la pili. Naomba, na sitakuomba tena kitu maishani, wale kumi na mmoja wasionekane siku hiyo. Na Tulia naye asionekane. Tulia hasa, maana ana jina langu, wataniuliza huyu ni nani wako. Baada ya Machi mkataba ukishasainiwa nitamtafutia mwalimu wa ziada, nakuapia.

Ya Januari haitawezekana. Nyumba ni ndogo na kuna mtoto mchanga. Yeye usimwambie kitu. Mwambie baba ana kazi.

Rodrick


Lupepo,
23 Februari 2025

Rodrick,

Ugonile. Hongera kwa Alfred, Kyala amkuze. Nimemfumia sweta, Shamsia atalituma na basi, huko kwenu hakuna baridi lakini atalivaa tu.

Barua yako ya Novemba ilinifikia wiki moja kabla ya Krismasi. Niliisoma nimesimama pale dukani, mpaka Zuber akaniletea kigoda bila kuombwa. Nilirudi nayo nyumbani, nikaichomeka nyuma ya saa ya ukutani. Nilitaka kuichoma, nikasema hapana, hii atakuja kuisoma mwenyewe aliyeiandika.

Nikwambie kwanza ya shule. Posho ilikoma Oktoba, lakini mimi sikukoma. Mwalimu Aika naye hakukoma. Nilimfuata nyumbani kwake nikamwambia, mwanangu, ulisema kweli siku ile, nilikujibu kwa kiburi. Akaniambia, "Bibi, nilishakusamehe, ila vile viatu vyako ni vibaya kweli." Basi tukaanza na wale kumi na mmoja peke yao, asubuhi na baada ya kengele ya jioni, na vitabu vilevile vilivyochakaa. Siku za mvua tulihamia jikoni kwangu. Hatukuwa na uji, tulikuwa na viazi.

Mnamo Desemba mwanao akafunguka. Sijui nilielezeje. Alikuwa anatazama gunia la mbolea limelala pale, akasema "m-bo-le-a", akanigeukia, akasema, "Bibi, hili gunia linasema mbolea!" Tangu siku hiyo hakuna kilichopona. Kuta za maduka, paketi za chumvi, nyuma ya malori yanayokwenda soko la Kiwira. Nilitaka nikupigie simu. Kisha nikakumbuka barua iliyo nyuma ya saa, nikaiacha simu.

Kosa langu ndilo hili. Wewe uliniambia nimwambie barua za baba ni zake. Nilimwambia. Miezi kumi na moja nimekuwa nikimwambia. Siku moja Januari alikuwa anapangusa vumbi, akaiona bahasha yenye mwandiko wako, akaichukua kama anavyochukua zote. Mimi nilikuwa namenya ndizi. Akakaa kizingitini, akaweka kidole chini ya neno, akaanza. Nilimsikia bila kusikiliza, unajua mtoto akisoma sauti inakuwa kama ya mvua. Nilipogutuka alikuwa amefika huku chini. "Na Tu-li-a na-ye a-si-o-ne-ka-ne."

Nikaweka kisu chini, Rodrick. Akainua uso. Hakuwa analia. Alikuwa na furaha, kwa sababu ameona jina lake na amelisoma mwenyewe. Akaniuliza, "Bibi, asionekane ni nini?"

Unajua kazi yangu. Mwaka mzima kazi yangu ndiyo hiyo, mtoto ananiletea neno la Kiswahili, mimi nampa maana kwa lugha ya kwao. Nimeyaeleza maneno mia nane. Hilo moja nilishindwa. Nikamwambia nenda kaangalie moto.

Kesho yake akamwuliza Mwalimu Aika, naye hakujua neno limetoka wapi, akamweleza vizuri kabisa kama anavyoeleza yote. Akamwambia ni mtu asionwe na watu, ajifiche. Tulia akasema, "Asante mwalimu." Kwangu hakuuliza tena. Januari ikapita, hakuuliza kama unakuja. Nilijidanganya kwamba amesahau.

Sasa tarehe 12. Niliamka kabla ya jogoo. Uwanja sikufagia, uliza mtu yeyote. Nilisema safari hii mgeni aikute nyumba ilivyo. Niliwapitia watoto majumbani mwao, nikawapanga mstari wa mbele. Sare ya Tulia niliipiga pasi, nikaiacha kitandani, nikamwambia nitangulie nawe unifuate. Nilikuwa na kiburi changu, nisikufiche. Nilitaka yule mama wa Kizungu amsikie. Katika wale kumi na mmoja, anayesoma barua nzima ni yeye.

Mama yuleyule alikuja, na wengine wawili. Akawahesabu, akaangalia daftari lake, akasema, hawa mwaka jana sikuwaona. Mwalimu Benson akaanza habari ya mafua. Nikasimama. Nikamwambia, mama, hawakuwa na mafua, niliwaficha mimi nyumbani kwangu, nilidhani nakuheshimu. Hakutoa kitambaa safari hii. Aliandika muda mrefu. Akawasomesha wote. Wanne walisoma vizuri, sita bado. Akaniuliza, kumi, wa kumi na moja yuko wapi?

Nikageuka nyuma. Tulia hakuwepo.

Nilirudi nyumbani mbio, mimi na miguu hii. Nilimkuta nyuma ya nyumba, pale ninaposogezea taka, amechuchumaa kati ya migomba na sare yake imenyooka, kikapu cha barua amekipakata. Nikamwambia twende, wageni bado wapo, twende ukasome. Akatikisa kichwa. Akaninong'oneza, "Bibi, nyamaza, wataniona."

Wageni waliondoka saa nane. Kwenye daftari lao mwanao ameandikwa hayupo.

Mwalimu Benson ameitwa halmashauri, bado hajarudi kazini. Wengine hapa hawanisalimu, wanasema nimewaharibia. Kama msaada utarudi au ndio umekwisha kabisa, sijui, yule mama alisema ataandika Dodoma. Huenda umeshaisoma hiyo barua yake kabla ya hii yangu. Kazi yako ikienda, njoo nyumbani, migomba ipo na hakuna atakayekucheka mbele yangu. Isipoenda, njoo vilevile. Lakini usimtumie mtoto huyu karatasi nyingine.

Jana aliniomba kalamu. Sikumshika mkono wala kumtajia herufi. Aliandika, akakunja, akasema ni ya baba. Naiweka humu ndani kama ilivyo.

Modesta

Baba shikamoo.
Wageni walikuja.
Sikuonekana.
Tulia darasa la tatu